Kifagio Hanyolewi

Kemuma alipata habari za ukatili wake Jumapili asubuhi, akiwa kando ya barabara na ndoo ya maziwa, akingoja gari la chama cha ushirika. Jirani yake Mong'ina alikuwa amefika kabla yake. Siku nyingine Mong'ina humsalimia hata kabla hajatua ndoo, lakini siku hiyo alimtazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, kisha akauliza, "Kumbe ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Kwamba unamnyonyoa mbwa wako akiwa hai. Kama kuku."

Akatoa simu akamwonyesha. Ilikuwa video ya sekunde ishirini hivi. Kemuma aliujua mgongo wake mwenyewe, akaijua sweta yake ya kijani, akamjua na Kifagio, amesimama juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa nyuma ya jikoni. Mkono wake ulikuwa ukivuta manyoya ya mgongo wa mbwa na kuyatupa, ukivuta na kuyatupa. Mtu alikuwa ameongeza wimbo wa matanga na maandishi makubwa meupe: MAMA KATILI WA NYANSIONGO. Watu elfu arobaini walikuwa wameshaitazama. Mmoja wao, ambaye Kemuma hakuwahi kumwona wala kumkosea, alikuwa ameandika kwamba mama huyo naye anyonyolewe nywele zote aone kama ni tamu.

Kemuma aliirudisha simu. Gari lilipofika aliyatoa maziwa yake bila kumsalimia mtu, akaondoka.

Kifagio alikuwa mbwa mdogo, hakumfika mtu gotini, mwenye ndevu na nyusi za mzee na manyoya magumu yaliyosimama kama njiti za ufagio wa uani. Kemuma alimpata kwa Daktari Orwa, daktari wa mifugo aliyetoka upande wa ziwa akafanya kazi Borabu mpaka akastaafu. Kemuma alikuwa amemtunzia nyumba miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo alijifunza kuwatunza mbwa wake, wote wa ukoo huo huo. Daktari alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia mtoto mmoja wa mbwa na maneno machache. "Huyu hanyolewi, Kemuma. Huyu anachumwa."

Naye Kemuma alikuwa akimchuma kwa vidole vile vile anavyochumia majani chai, na kwa akili ile ile. Manyoya ya mbwa wa namna hii hukua, hukomaa, kisha hufa yakiwa bado yamesimama kwenye ngozi. Usipoyatoa yanashikana, ngozi inakosa hewa, na mbwa anajikuna mpaka anatoka vidonda. Ukiyakata kwa mashine unakata juu tu. Mzizi mfu unabaki ndani, na yanayoota baadaye huwa laini, yamepauka, yanashika kila tope. Kwa hiyo unapaka vidole majivu ili yasiteleze, unashika machache, unavuta kuelekea yanakolalia. Yaliyokomaa yanatoka yenyewe. Yanayokataa unayaacha wiki nyingine. Tumboni na masikioni hugusi kwa vidole, unapunguza kwa mkasi. Hakuna damu wala kilio. Mara nyingi Kifagio husinzia akiwa amesimama, mpaka Kemuma anamkinga kidevu kwa kiganja asianguke.

Hayo yote hayakuwa kwenye video. Waliosambaza video hawakumngoja asinzie.

Hakuhitaji kuuliza nani aliyepiga. Nyuma ya jikoni yake kunaonekana kutoka mahali pamoja tu, penye pengo la ua linalotazamana na boma la shemeji yake. Alipitia huko moja kwa moja na ndoo tupu mkononi. Ronny, mwana wa shemeji, mwanaume wa miaka thelathini na miwili aliyerudi kutoka Nairobi mwaka uliopita, alikuwa ameketi barazani akinywa chai.

"Ronny, ulinipiga picha?"

Ronny aliweka kikombe chini. "Mama Mkubwa, ni content tu, ya mtandaoni. Sikutaja jina lako."

"Umetaja Nyansiongo. Umeonyesha mgongo wangu. Hapa nani asiyeujua mgongo wangu?"

"Watu watasahau. Mambo ya mtandao huisha haraka."

"Hatua kumi na tano, Ronny. Kutoka hapo uliposimama mpaka nilipoketi ni hatua kumi na tano. Ungekuja ukaniuliza ninafanya nini, ningekuambia. Ningekupa na kiti."

Ronny alisema ataifuta. Kemuma akamwambia aifute akiwa amesimama pale. Ronny akabonyeza, akamwonyesha nafasi tupu. Kumbe wengine walikuwa wameshaichukua zamani na kuitawanya kwingine.

Kufikia Jumanne, mzee wa kanisa, Ishmael, alimtumia ujumbe wa heshima nyingi kwamba mwaka huu akina mama wameona apumzike asipike kwenye makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, mpaka jambo hili litulie. Miaka kumi na miwili Kemuma alikuwa amesimamia sufuria za makambi, na hakuna mgeni aliyelala njaa. Aliusoma ujumbe ule mara tatu akitafuta mahali walipomuuliza neno. Hapakuwapo.

Jumatano akaja Adhis, afisa wa mifugo wa wadi, kwa pikipiki. Alikuwa bado mgeni katika kazi, binti wa upande wa Oyugis, na alizungumza Kiswahili cha polepole na cha adabu. Alisema watu wamepiga simu ofisini kutoka Nairobi, hata mmoja kutoka Ujerumani, na mkubwa wake anataka mbwa akaangaliwe na daktari mjini Kisii.

"Mwangalie hapa," Kemuma akasema. "Jua lipo, mbwa yupo, na wewe umesomea."

"Ningependa, Mama. Lakini nimeagizwa, na barua hii hapa. Ijumaa nitamrudisha mwenyewe."

Kemuma alimwangalia. Binti alionekana hana ubaya. Akamfunga Kifagio kamba, akamweka kwenye boksi lenye matundu, akamtandikia gunia. "Nina neno moja tu. Asinyolewe. Afanyiwe lolote jingine, lakini asipitishwe mashine."

"Nimesikia, Mama."

"Sema."

"Asinyolewe," Adhis akasema.

Ijumaa mchana pikipiki ilirudi. Kemuma alikuwa shambani juu, akaacha kikapu katikati ya mistari ya chai akashuka. Adhis alikuwa amesimama karibu na boksi bila kulifungua, na kwa jinsi alivyosimama Kemuma alijua.

Alilifungua mwenyewe. Aliyetoka humo alikuwa mbwa mwingine, mwembamba, nusu ya yule aliyeondoka. Mgongo ulikuwa umenyolewa mpaka ngozi ikaonekana. Rangi yake ya kutu ilikuwa imekwenda, imebaki kijivu kilichopauka. Nyusi hazipo. Ndevu zimekatwa mraba. Nyuma ya miguu ya mbele ngozi ilikuwa nyekundu, imetoka vipele mahali mashine ilipopata moto. Shingoni walikuwa wamemfunga utepe wa buluu. Kifagio alitembea hatua chache, akaketi, akaanza kujikuna ubavu kwa nguvu.

Kemuma alipiga magoti akaufungua ule utepe. "Daktari alisemaje?" akauliza, bila kuinua uso.

"Alisema ni mzima. Ngozi safi, hana jeraha wala woga. Ameandika hivyo." Adhis alilitazama boksi. "Baadaye kuna jamaa mwenye saluni ya mbwa alijitolea kumpendezesha, kwa sababu ya ile video. Nilikuwa nimetoka nje kupokea simu. Niliporudi walikuwa wamefika kiunoni."

"Ukawaambia waache?"

"Hapana. Walikuwa wanapiga picha. Watu walikuwa wanafurahi."

"Walifurahi." Kemuma alisimama, akapangusa magoti. Hakupaza sauti, lakini kila neno lilitoka limekamilika. "Mbwa alitoka kwangu mzima. Daktari wenu amesema alikuwa mzima. Ndipo mkamwokoa mpaka akapata vipele. Mimi ninayemchuma bila kumtoa hata tone la damu ndiye katili, na huyo aliyemchoma kwa mashine ndiye mwenye huruma, kwa kuwa alimfunga utepe. Nieleze, binti yangu, kwa sababu mimi nilifika darasa la saba tu. Labda kuna mahali sikuelewa."

Adhis alitazama chini. Machozi yalikuwa yanamlenga, na Kemuma aliyaona, lakini hakuwa na nafasi ya kumhurumia mtu siku hiyo. Aliingia jikoni akarudi na kijibakuli cha majivu, akamweka Kifagio juu ya kreti. Mashine haikufika kwenye miguu ya nyuma; huko manyoya yalikuwa bado magumu, mengine yamekomaa.

"Paka vidole."

"Mama, mimi sijawahi..."

"Hata hao elfu arobaini hawajawahi. Paka."

Adhis alipaka majivu. Kemuma alimshika mkono, akamwelekeza vidole, machache tu, chini kabisa, vuta yanakolalia. Manyoya yalitoka bila kelele. Adhis alimtazama mbwa usoni, akingoja ashtuke. Kifagio alipiga mwayo. Adhis akavuta tena, na tena, kisha akainua manyoya yale kwenye jua akaona ncha zake kavu, hazina unyevu wala damu.

"Nilikosea, Mama," akasema. "Ulinitamkisha kabisa, na bado nikakosea."

"Andika."

"Niandike nini?"

"Hayo hayo. Una karatasi na mhuri ndani ya mkoba. Mlipokuja kumchukua mlikuwa na barua. Nataka barua ya kumrudisha. Andika daktari alisema nini, andika alinyolewa bila ruhusa yangu, na mimi ndiye ninayejua kumtunza."

Adhis aliketi kwenye ngazi ya jikoni akaandika, ukurasa mzima, akatia sahihi na kugonga mhuri juu ya goti lake. Kisha akatoa dawa ya kupaka kwenye mkoba wake, wakaipaka wote wawili kwenye vipele vya Kifagio.

Kesho yake, Sabato, Kemuma alifika kanisani mapema na barua ndani ya Biblia. Alimpa Mzee Ishmael, akamwomba aisome wakati wa matangazo. Ishmael aliisoma peke yake, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Dada Kemuma, tumefurahi. Jambo limekwisha. Lakini habari za mbwa ndani ya nyumba ya Mungu, unaona si vizuri."

"Siku ya kunihukumu, mbwa alifaa kanisani," Kemuma akasema. "Leo ya kunisafisha ndiyo hafai?"

Ishmael alikohoa, akasema ibada inaanza.

Kemuma alikaa ibada yote, akaimba, akatoa sadaka. Watu walipotoka walimkuta amesimama mlangoni na barua mkononi, akiisoma kwa Kiswahili kilichokwaruza, tangu salamu hadi mhuri. Alipofika mwisho alianza tena kwa waliokuwa bado ndani. Wengine walipita upesi wakitazama viatu vyao. Mong'ina alisimama akasikiliza mara zote mbili. Mwishowe Mzee Ishmael mwenyewe alitoka, akasimama kando yake, akawaambia waumini kwamba dada yao alisemwa vibaya, na kwamba wazee walipaswa kumuuliza kwanza. Haikumtoka kwa urahisi. Kemuma alimshukuru, na alipoombwa arudi kwenye sufuria za makambi alijibu kwamba mwaka huo atakula na wageni.

Manyoya ya Kifagio yalichukua miezi kurudi. Yaliota kwanza kama ya mwanakondoo, laini na ya kijivu, na kila mvua iliponyesha alirudi nyumbani amebeba nusu ya shamba. Kemuma alimchuma kidogo kidogo kila wiki, kiraka kwa kiraka, ili magumu yapate njia. Lakini sasa hakumchumia nyuma ya jikoni. Alibeba kreti na kiti mpaka mbele ya lango, kando ya barabara, na aliyetaka kutazama alitazama. Wapita njia walisimama. Wakulima wa Itumbe waliokuja kununua mahindi walimuuliza maswali, naye akawajibu mpaka koo likakauka.

Ilikuwa mwezi wa saba Ronny alipokuja pale langoni. Alisimama mikono mifukoni, akatazama kwa muda mrefu.

"Mama Mkubwa, naweza kupiga video? Ya kueleza, safari hii."

"Ukianza, usiache mpaka nimalize."

Ilichukua saa mbili na nusu. Ronny alipiga yote, mkono wa kulia ukichoka anahamia wa kushoto, na Kemuma hakumpa kiti. Alimwonyesha majivu, vidole, ncha za manyoya, mkasi wa masikioni. Kifagio alisinzia, kidevu chake mkononi mwa Kemuma, na hilo nalo likaingia.

Wiki iliyofuata, akimchuma tena Kifagio langoni, Kemuma alimuuliza Ronny walioitazama ni wangapi.

"Sabini na mmoja," Ronny akasema. Akasita. "Niliandika pia kwamba mimi ndiye niliyedanganya mara ya kwanza. Hata hiyo hawakuisambaza."

Hasira ilimpanda Kemuma tena, mpya kabisa, kwa watu asiowajua na ambao hatawaona kamwe, waliokuwa na muda wa uongo na wakakosa muda wa ukweli. Kwa hao hakuwa na la kufanya. Lakini huyu mmoja alikuwa amesimama mbele yake.

"Na mimi hujaniambia," akasema.

Ronny alitoa mikono mifukoni. "Pole, Mama Mkubwa. Nilikukosea."

"Nimesikia. Shika huyu kichwa, nimpunguze kucha."

Ronny akamshika Kifagio. Mbwa alimnusa kiganja, akanguruma kidogo, na Kemuma hakumkanya.