Longitudo ya Ifakara

Mwaka 1996, masika yakielekea ukingoni, darubini iliteremshwa kwenye treni ya TAZARA, stesheni ya Ifakara, ndani ya masanduku mawili ya mbao. Aliyeituma ni daktari mmoja wa Kizungu aliyetibu watu bondeni kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi kwao. Kabla ya kuondoka alimwahidi Padre Osward, mkuu wa sekondari iliyo nje kidogo ya mji, kwamba hataisahau shule. Na kweli hakuisahau.

Aliyekwenda kuipokea ni Mwalimu Anselim wa fizikia. Lori la shule lilikuwa limelala gereji na barabara ya stesheni ilikuwa tope tupu, kwa hiyo akaongozana na Mzee Shilinde, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kijiji cha Michenga na ng'ombe wake, ambaye kwa mkokoteni wake ndiye aliyekuwa akiisombea shule mpunga na kuni. Shilinde aliyatazama yale masanduku, akaona alama ya bilauri, ya kitu cha kuvunjika, iliyochorwa ubavuni, akatafuta nyasi na magunia matupu akatandika vizuri. Anselim akapanda, akakaa amekumbatia sanduku lenye mashine. Njia nzima Shilinde alitembea kwa miguu mbele ya ng'ombe, kamba mkononi, akikwepa kila shimo. Walipofika shuleni Anselim alimwambia, "Mzee, umetubeba kama mayai." Shilinde akacheka, akaenda zake.

Darubini yenyewe haikuwa ya kusukumwa kwa mkono tu. Ilikaa juu ya miguu mitatu, ikazungushwa na mota mbili zilizotumia betri ya gari, na ilikuwa na kompyuta ndani. Kulikuwa na kidude cha vitufe kama kikokotoo, kimefungwa kwa waya. Unakiambia uko wapi duniani, leo ni tarehe ngapi na saa ngapi. Kisha unailenga nyota moja unayoijua, unabonyeza, na kuanzia hapo ukitaja jina la nyota au sayari yoyote, mashine inageuka yenyewe kuitafuta.

Anselim aliipenda hata kabla hajaiwasha. Alikuwa na miaka thelathini na minne, alikuwa mwalimu pekee wa fizikia shuleni, na ofisini kwa walimu alizoea kuwa mtu wa kuulizwa. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kinene, cha Kiingereza, nacho alikisoma kwa kurukaruka, akitafuta kurasa zenye picha za sayari. Mwalimu mwenzake alipomuuliza kama ataiweza, alijibu kwamba haina ugumu wowote. Anga ya masika ilikuwa na mawingu kila jioni, hivyo hakupata nafasi ya kuijaribu sawasawa. Padre Osward alipopanga siku ya wazazi iwe katikati ya Julai, Anselim alisema, "Hakuna shida, Padre."

Siku hiyo wazazi walikuja wengi. Baada ya hotuba na wali, giza lilipoingia, wote walikusanyika uwanja wa mpira. Hakukuwa na mwezi. Upande wa mashariki, juu ya mabweni, sayari ya Mshtarii, ambayo vitabu vya shule huiita Jupita, ilikuwa inawaka kuliko kitu kingine chochote angani, na ndiyo Anselim aliyotaka waione, pamoja na miezi yake minne.

Kosa alilolihofia ni la saa. Alijua mtu anaweza kusahau akaandika saa ya Kiswahili, badala ya kumi na tisa na nusu akaweka moja na nusu, na mashine ikapotea. Kwa hiyo aliiandika saa kwa uangalifu, akairudia, akaitazama tena. Akaandika tarehe. Akafungua atlasi, akasoma latitudo, nyuzi nane na kidogo kusini, akaweka alama ya kutoa. Akasoma longitudo, nyuzi thelathini na sita na dakika arobaini na moja, akaiandika bila kufikiri.

Akaiamuru iende kwenye Rijili Kantori, ile nyota kali jirani na Msalaba wa Kusini. Mota zikalia, darubini ikageuka, ikasimama imeelekea paa la bweni la wasichana. Kicheko kidogo kikapita nyuma yake. Anselim akaibonyeza kwa vishale hadi ikaifikia nyota yenyewe, akaiweka katikati, akathibitisha. Akasema kwa sauti, "Sasa imeshajua." Kisha akaiomba Mshtarii.

Mashine haikusogea. Kwenye kioo chake kidogo iliandika kwamba sayari hiyo bado iko chini ya upeo wa macho.

Alijaribu tena, jibu likawa lile lile. Akaangalia betri, akakaza miguu, akazima, akawasha, akaanza upya kwa tarakimu zile zile. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, siyo ile pale?" Akanyoosha kidole. Watu wakacheka, safari hii bila kujificha. Ilikuwa ndiyo hiyo. Angeweza kulegeza vifungio akaielekeza kwa mkono, na kila mtu angeiona. Wazo hilo lilimjia, naye akalikataa, kwa sababu alikuwa amewaambia kwamba mashine itaitafuta yenyewe.

Padre Osward akasogea karibu. "Anselim, kuna nini?"

"Haisikii, Padre. Kuna kitu ndani hakiko sawa."

"Ilifika nzima?"

Neno lililomtoka Anselim mdomoni hakuwa amelipanga. "Vyombo hivi havitaki mtikisiko. Na ile njia ya stesheni, kwa mkokoteni wa ng'ombe..."

Hakuimalizia sentensi, wala haikuhitaji kumaliziwa. Vichwa vikageuka. Shilinde alikuwa amesimama nyuma na mkewe Sikitu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Aliwatazama watu, kisha akamtazama Anselim, akasema bila kupaza sauti, "Mwalimu, tulikuwa wote."

Lilikuwa swali kwa namna ya maelezo, na watu wote walingoja jibu. Anselim aliinama kwenye kidude cha vitufe kana kwamba kuna kitu kipya kimeandikwa pale. Mtu mmoja gizani akasema Wasukuma wamezoea kubeba ngozi na pumba, wataijulia wapi glasi, na wengine wakaitikia. Alipoinua uso, Shilinde na mkewe walikuwa wameshaondoka.

Kesho yake Padre Osward alitafuta mtu mwingine wa kusomba mpunga wa shule. Habari ilienea mjini kwamba mzee wa Michenga ameharibu darubini ya Mzungu, na sokoni wakawapo waliokataa mizigo yao ipande kwenye mkokoteni wake. Anselim aliyasikia yote hayo. Kila aliposikia aliinama kwenye madaftari ya wanafunzi akasahihisha.

Wakati huohuo aliichunguza mashine. Alifungua kifuniko cha chini akatafuta waya uliokatika, akapima betri, akakagua meno ya gia kwa tochi. Alitaka akute kitu kimevunjika. Usiku wa kuamkia Jumamosi alijikuta kitandani akiomba, kwa maneno kabisa, kwamba akute kimevunjika. Hakukuta.

Ikabidi aanze kitabu upya, safari hii tangu ukurasa wa kwanza, Jumamosi asubuhi, ofisi ya walimu ikiwa tupu. Kwenye maelezo ya mahali, mfano uliotolewa ulikuwa wa mji wa Marekani, na longitudo yake imeandikwa bila alama yoyote. Chini yake kulikuwa na sentensi moja, herufi ndogo: longitudo huhesabiwa kuelekea magharibi, kuanzia sifuri hadi mia tatu na sitini. Aliisoma mara kadhaa. Akavuta atlasi, akaweka kidole kwenye nyuzi nane kusini na thelathini na sita magharibi. Kidole kikaangukia Brazili. Jioni ile mbele ya wazazi, mashine ilikuwa inawaambia kweli tupu: huko Brazili, Mshtarii ilikuwa haijachomoza.

Akatoa thelathini na sita na dakika arobaini na moja katika mia tatu na sitini. Jioni aliisimamisha uani kwake, akaandika tarakimu mpya, akaiweka sawa na nyota, akaomba Mshtarii. Mota zikalia. Darubini ikanyanyuka taratibu, ikasimama. Alipoweka jicho, sayari ilikuwa pale, duara la rangi ya maziwa lenye mistari, na vidoa vinne vimejipanga pembeni.

Mkewe Aurelia alitoka jikoni akaangalia. "Nzuri," akasema. "Kumbe ilikuwa nini, Baba Ritha?"

"Tarakimu. Iliandikwa vibaya."

"Nani aliandika?"

Anselim akaweka tena jicho kwenye darubini. Aurelia alijifuta mikono kwenye kanga. "Basi yule mzee hakuivunja," akasema, akarudi jikoni.

Jumatatu alimwambia Padre kwamba mashine imepona. Ndilo neno alilotumia, imepona. Padre alifurahi mno. Asubuhi ile ile, wanafunzi wakiwa mstarini, alitangaza kwamba Mwalimu Anselim, kwa akili yake na bila msaada wa Wazungu, ameitengeneza darubini iliyoharibikia kwenye mkokoteni, na kwamba wazazi wataalikwa tena. Wanafunzi walipiga makofi. Anselim alisimama mbele yao mikono nyuma. Aliona kila kofi linalopigwa kama linampiga yeye. Na bado hakusema.

Mchana alichukua baiskeli akaenda Michenga. Alimkuta Shilinde zizini akimfunga ndama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Aliletewa kigoda. Alikunywa maziwa aliyopewa na Sikitu, ambaye hakumwangalia. Kisha akaeleza yote, longitudo, magharibi na mashariki, sentensi ya herufi ndogo. Alieleza kwa urefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alipokuwa anaeleza longitudo alikuwa bado hajafika kwenye lile jambo lenyewe. Mwishowe akafika. "Nilijua hukuitikisa. Nilijua siku ileile. Nisamehe, mzee."

Shilinde alimaliza kufunga fundo. "Ulipolisema lile, watu walikuwa wangapi?"

"Wengi."

"Na leo umekuja kunisafishia jina hapa. Wanaosikia ni mimi, mama huyu na ng'ombe." Hakulisema kwa hasira, ndiyo maana lilimwingia Anselim hadi kwenye mifupa. "Ng'ombe hawakunituhumu, mwalimu."

Anselim aliaga, akasukuma baiskeli hadi barabarani bila kuipanda.

Wazazi waliporudi, uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza. Padre Osward alimkaribisha kwa maneno mazuri. Anselim alikuwa ameshaiweka mashine tayari, na alijua kwamba akinyamaza tu, jioni itapita vizuri. Alianza kuzungumza juu ya Mshtarii, akakwama, akaanza tena.

"Kabla hamjaangalia," akasema, "darubini hii haikuwa imeharibika. Niliandika vibaya mahali tulipo, mimi mwenyewe, mashine ikadhani tuko nchi nyingine. Mzee Shilinde aliileta vizuri. Nilikuwa nimekaa naye mkokotenini, nimeishika mikononi, haikutikisika. Nikamsingizia kwa sababu mlikuwa mnanicheka."

Mtu akaguna, mwingine akacheka, na mnong'ono ukaenea hadi nyuma. Anselim aliwatafuta Shilinde na Sikitu kwa macho, ingawa alijua hawapo. Padre alikuwa ameinamisha kichwa, amefunga mikono kifuani.

"Haya," Padre akasema baadaye, kwa sauti kavu. "Watoto watangulie."

Watu walipanga foleni wakaangalia. Wengi walifurahi. Baadhi walipompita walimtazama yeye kwa muda mrefu kuliko walivyoitazama sayari, na Anselim alisimama pale pale, akiizuia darubini isiguswe, akisema kwa kila mtu, "Weka jicho hapa, usishike." Walipokwisha, Padre alimwambia, "Ulinifanya nimwondolee mtu riziki yake, Anselim. Nikatangaza uongo mbele ya watoto." Akamwacha na masanduku.

Padre alikwenda Michenga mwenyewe. Anselim hakuambiwa yaliyozungumzwa huko, wala hakuthubutu kuuliza.

Mwezi wa nane, akielekea mjini asubuhi, alikutana na mkokoteni wa Shilinde umejaa magunia ya mpunga. Alishuka kwenye baiskeli, akaamkia. Shilinde aliwasimamisha ng'ombe.

"Nimesikia ulisema," mzee akasema.

"Nilisema."

"Vyema. Hata sokoni sasa wanaleta mizigo." Alitengeneza kamba begani. "Padre aliniomba nirudi kusomba wa shule. Nikamwambia nimeshapata kazi kwa wengine."

"Kwa hiyo hutarudi?"

"Kwa sasa, hapana." Alimtazama Anselim kwa muda, kama mtu anayepima kama aongeze neno au basi. "Mama Ritha hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Msalimie."

Akawaswaga ng'ombe, wakaondoka kwa mwendo wao uleule wa polepole. Anselim alibaki kando ya njia, ameshika usukani kwa mikono miwili, hadi vumbi lilipotulia. Kisha akapanda baiskeli.