Maziwa Ndani ya Halua

Katika mji mzima wa Alibag, kule India, hakuna aliyejua kupika halua ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi kama Milka Penkar, na aliyesahau jambo hilo Milka mwenyewe alimkumbusha. Ndiyo maana kila mwaka watoto wadogo wa sinagogi walipelekwa jikoni kwake, wakoroge kwa zamu na kupanga lozi juu ya sinia. Mwaka huu tui halikutosha. Halua ilianza kushika chini ya sufuria, nazi zimekwisha, na Milka aliona haya kupiga hodi kwa jirani kuomba nazi, yeye bingwa. Akanyakua jagi la maziwa ya nyati wa kufugwa, akamimina.

"Shangazi, hayo si maziwa?" aliuliza Orna, mtoto wa miaka mitano, mwiko mkononi.

"Koroga wewe! Mdomo kama kasuku."

Milka alijua anachofanya. Jioni wangekula nyama ya mbuzi, na baada ya nyama Myahudi haonji maziwa. Halua yao hupikwa kwa tui kwa sababu hiyo hiyo. Akajiambia ni kidogo tu, nani atajua?

Aliyejua ni Elishva, bibi yake Orna. Jioni mezani, tonge la kwanza tu akaacha kutafuna, akalitema kwenye leso.

"Milka! Hii ina maziwa!"

Meza nzima ikamgeukia Milka, watu halua mdomoni.

"Watoto hawa jamani!" Milka alisema, ulimi umemtangulia. "Nimempa Orna kisogo kidogo tu, kumbe kashamimina."

"Orna! Umetulisha haramu siku kama hii?" Elishva akafoka.

"Mpishi mkuu huyo!" mjomba mmoja akacheka.

Orna hakulia. Alimkodolea macho Milka, akingoja aseme vingine. Milka akainamia sahani yake. Sinia likaenda kumwagwa na lozi zake zote, watoto wakitazama.

Siku zilizofuata Milka alijifariji kwamba watoto husahau. Wapi! Aliyeshindwa kusahau ni yeye, na akawa anazunguka mtaa wa pili ili asipite mlangoni kwa Elishva.

Ukafika mkesha wa Siku ya Upatanisho, watu wanapoendeana nyumba kwa nyumba kuombana radhi, maana ulichomkosea mwenzako Mungu hakusamehei mpaka mwenzako akusamehe. Milka alikwenda kwa wote, hata kwa muuza samaki. Kwa Elishva miguu ilikataa.

Elishva akaja mwenyewe, kamshika Orna mkono.

"Mtoto amekuja kukuomba radhi kwa halua yako. Haya, mama, sema ulichofanya."

Orna alifikiri sana. "Bibi, leo si mtu hasemi uongo?"

"Hasemi."

"Basi sijui niseme nini."

Milka alitamani ardhi ipasuke immeze. Akapiga magoti kizingitini.

"Elishva, huyu hana kosa. Maziwa nilitia mimi, na aliniona. Nikamsingizia mtoto ili nisiaibike." Akamgeukia mtoto. "Orna, mwanangu, nisamehe."

Elishva akamgeukia mjukuu wake. Orna akamtazama Milka kwa makini, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Bado, shangazi," alisema. "Siku ile walisikia wote. Bibi, twende."

Wakaondoka. Milka akainuka, akawafuata kichochoroni kumwomba tena kwa sauti, majirani wote wakiwa milangoni wanamwangalia.