Breki Isiyosikia

Baba yangu, Papa Moussa, aliniambia wazi: leo gari lijiendeshe lenyewe kutoka msikitini hadi soko la Mangobo, yeye akiwa ndani. Likimwaibisha, kesho teksi hiyo yake ya magurudumu matatu inarudi kubeba mihogo ya Bengamisa, na kazi yangu yote ya kuifundisha kujiendesha imekwisha. Niliogopa, sisemi uongo, ila nilivaa kitenge kipya.

Ubishi wetu ulikuwa juu ya breki. Ya kwanza inatii neno la abiria au langu: ukisema "Simama" inakamata, ukisema "Toleka", yaani tupite kwa Kilingala, inaachia na gari linakwenda. Ya pili niliifunga chini, na betri yake na jicho lake. Ikiona kitu karibu mbele, inabana. Haisikii amri ya mtu yeyote.

"Breki mbili juu ya nini?" Papa aliuliza akipanda. "Hii ya pili iko nzito bure. Toa!"

"Sitoi, papa."

"Djamila, unakuwaka kiziwi tangu butoto!"

"Bon, papa, panda tu."

Akasema "Toleka," gari likaondoka taratibu, mimi nikikimbia pembeni. Punde Papa akaanza kuwapungia mkono wauza samaki kama gavana. Nilifurahi hadi machozi yakanilengalenga.

Ndipo Évariste akachomoza na baiskeli yake ya kubeba abiria, mkungu wa ndizi nyuma, akakata barabara mbele yetu. Na baiskeli hizo, Kisangani nzima tunaziitaje? Toleka! Mimi, fundi na akili zangu zote, sikuliwaza hilo.

Kamera za gari zilikuwa zimemwona, nalo limeshaanza kupunguza mwendo. Lakini Papa alishtuka, akapaza sauti kumwonya mwenye baiskeli: "Toleka! Eh, toleka!" Gari likasikia amri, likaongeza mwendo. Évariste naye akasikia mteja, akasimama katikati ya barabara huku akitabasamu.

Nilipiga kelele "Simama!" mpaka koo likaniuma, lakini sauti ya Papa ilinifunika.

Krrr! Ile ya pili ikabana. Gari likasimama papo hapo, ndizi zikiwa karibu kufikika kwa mkono. Kofia ya Papa ndiyo iliyoendelea na safari, ikatua juu ya mkungu.

"Papa, nakupeleka wapi?" Évariste akauliza.

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Papa akashuka, akachukua kofia yake, kisha akainama kuichungulia ile breki. Nikasubiri hukumu.

"Kelele yote ile nilipiga, na hii haikunisikia hata kidogo?"

"Hapana, papa."

"Donc iko ndugu yako ya kweli." Akaipapasa kwa kiganja, akapanda tena na kujiweka sawa kitini. "Usiitoe. Ile mihogo ya Bengamisa itafute gari ingine."