Zizi Limejaa

"Rachel, mwingine anakufa," baba aliniita. Nilipotoka jikoni nilimkuta kwenye kigoda, simu yangu ya zamani ameishika kwa mikono miwili kama aliyebeba kifaranga.

Kwenye kioo, ndama wa ishirini na saba alikuwa amelala ubavu. Juu yake maandishi mekundu yaliwaka: zizi limejaa. Mchezo ule uliruhusu ng'ombe ishirini na nne tu. Wakizidi hapo malisho hayatoshi, maziwa hukauka, na ndama huanza kufa.

Miezi mitatu kabla ya hapo, ndigana, homa ile inayoletwa na kupe, ilikuwa imemaliza ng'ombe wetu wa kweli, wote watatu, ndani ya siku tisa. Baba, mzee Gerson, aliyejulikana kijiji kizima cha Akheri kwa sauti yake ya besi kwenye kwaya ya kanisani, akanyamaza. Sahani alizisogeza pembeni. Mimi nilikuwa Usa River nikifanya kazi kwenye mashamba ya maua. Nikaomba ruhusa nije kumtunza, na siku niliyoishiwa kabisa la kufanya nikamwekea mchezo wa ufugaji. Akaamka. Akawa anapandisha, anasubiri mimba, anawapa ndama majina. Siku moja nilimsikia akicheka, nikasimama kwenye migomba nikalia.

Lakini hakuuza hata mmoja.

"Baba, uza watatu tu. Waliobaki watapona."

"Sitaki."

"Ni picha, baba! Wanakufa kwa sababu unawang'ang'ania!"

Aligeuza uso kuelekea bandani. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani hadi kwenye mibuni, na banda tupu lilionekana kwa shida.

"Fanuel naye aliniambia hivyo hivyo," alisema. Fanuel alikuwa bwana mifugo wetu. "Alisema, mzee, uza yule mtamba asiyezaa bado, ununue dawa ya kupe, uwaokoe wengine. Nikamfukuza hapa nyumbani."

"Kwa nini?"

"Yule mtamba alikuwa wako. Ulisema umechoka na maua ya watu. Nikasema, akirudi, akute pa kuanzia."

Nilishika mwimo wa mlango. Kweli nilisema, kila Jumapili nilipompigia. Nilisema tu, kama watu wanavyosema wakitoka kazini miguu ikiuma. Sikujua kwamba huku mlimani kuna mtu anayapokea maneno yangu na kuyafungia bandani.

"Ungeniuliza, baba."

"Ungesema niuze."

Akaninyooshea simu. "Bonyeza wewe. Mimi nimeshindwa."

Nikabonyeza. Ng'ombe mmoja mweupe akatoweka. Baba akaguna kama mtu aliyetonesha kidonda, akafunika uso kwa kofia, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu. Sikujua nimguse wapi.

Kisha akaidai simu. Wa pili alimuuza mwenyewe, akilitaja kwanza jina lake, polepole, kama jina la mtu msibani. Kwa wa tatu sauti haikutoka.

Nikalitaja mimi.