Mvinyo wa Faini

Isaya alimvunja mkewe mkono kwa mchi wa kinu, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa chupa. Mhandisi mmoja wa Kitaliano aliyekuwa kwenye mradi wa gesi kule Msimbati alimaliza mkataba wake, na siku ya kuaga akamzawadia Riziki, mfuaji wake, chupa ya mvinyo mwekundu. Alimwambia ukoo wao unakamua zabibu kwenye shamba lilelile tangu enzi za mababu wa mababu. Riziki akaibeba hadi nyumbani kama mtoto mchanga.

"Mzungu anakupa hii kwa kufua tu?"

Isaya hakungoja jibu. Mchi ulishuka, Riziki akakinga kwa mkono wa kulia, mfupa ukalia. Pigo la pili lilimpata mbavuni. Alipoanguka, mume huyo akamkanyaga tumbo.

Sasa Riziki alikuwa Magomeni, ile ya hukuhuku kusini, kwa mjomba wake Anold, mkono ndani ya hogo la plasta la hospitali. Kwa Wamakonde, mjomba ndiye mwenye neno. Na neno la Anold lilikuwa hili: Isaya alete pombe ya faini. Ikipokelewa ikanyweka, mke anarudi siku hiyohiyo na kesi haifukuliwi tena.

"Ataniua, mjomba," Riziki alilia.

"Mila ni mila, mwanangu. Akileta pombe ya heshima, nitamkatalia kwa lipi?"

Jumapili Isaya akaja, shati limepigwa pasi, mpole utadhani si yeye. Akaweka chupa mkekani. Riziki, kwenye mlango wa jiko, aliitambua palepale.

"Nimeagiza Dar, mjomba. Waini ya Kitaliano, ya ukoo mkubwa."

Mwanahizaya! Alikuwa anamkomboa mke kwa mali ya mke mwenyewe. Riziki akafungua kinywa aseme; mjomba alikuwa ameshaishika chupa.

Lakini Anold alikuwa mpishi wa nipa, ile pombe kali ya mabibo ya mkorosho, na katika maisha yake hakuwahi kuamini pombe ambayo haijapita kwenye moto. Unamimina kijikoni, unawasha kiberiti. Ya kweli inashika na kuwaka buluu. Akasukuma kizibo ndani kwa kijiti, akajaza kijiko, akawasha. Njiti ikafanya *tssi*, ikazima. Akawasha nyingine. Ikazima.

"Haishiki," alisema. Kaka wawili wa Riziki, waliokuwa wameketi kando ya mjomba, wakasimama.

"Mjomba, waini haiwaki! Ndivyo ilivyo!"

"Pombe ya heshima isiyowaka? Umetuona watoto?" Anold akageuka. "Riziki, wewe umekaa na yule Mtaliano. Vinywaji vyao unavijua. Hii ni pombe?"

"Mke wangu, waambie," Isaya alisihi.

Mke wangu! Leo ndiyo amekumbuka. Riziki alikuwa amemwona Mtaliano akiinywa kila jioni, tena akichangamka nayo. Neno moja lingetosha. Akalitazama hogo lake.

"Sijui, mjomba. Mimi naona maji mekundu ya rozela."

Ngumi ya kwanza ilimtoa Isaya meno mawili. Ya pili ilimlaza. Kaka mdogo akamkalia kifuani akamtwanga uso mpaka jicho likafumba; mkubwa akachukua mwiko wa ugali na kuuvunjia mgongoni mwake. Anold, na uzee wake, alimaliza kazi kwa chupa. Ilipasukia utosini, na mvinyo na damu vikashuka pamoja hadi kwenye lile shati la pasi. Isaya akatambaa hadi barabarani, anatapika.

"Huna mke hapa!" Anold alimfokea. "Mtu anayedharau wakwe hivi hapewi mtoto wetu tena!"

Riziki alifurahi. Alifurahi mpaka akajiogopa.

Walipotawanyika, kijiko kilikuwa bado mkekani, kimejaa, na njiti mbili zinaelea. Akazitoa, akakiinua kwa mkono wa kushoto, akanywa. Mvinyo ulimkaza ulimi kama bibo bichi, kisha joto likamteremka polepole hadi mbavuni palipokuwa panauma.

Anold alikuwa anamtazama.

"Rozela?"

"Rozela, mjomba," akajibu, akakilamba kijiko hadi kikatakata.