Sindano Kwenye Kola

Jumamosi, tarehe 14 Machi. Asubuhi yalianguka manyunyu, kisha jua likatoka hafifu, lile ambalo Bibi Mdogo aliliita jua la kuwadanganya madobi.

Alikuwa mdogo wake bibi yangu mzaa mama. Kwa zaidi ya miaka hamsini alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, mpaka alipougua na kulala kitandani mwezi uliopita. Tulimzika wiki iliyopita. Leo mjomba alitakiwa kurudisha funguo za chumba kabla ya saa sita mchana, na kwenye kamba zilikuwa zimebaki nguo kumi na moja.

"Tuzigawe kwa wahitaji," mjomba alisema. "Nani atajua ni za nani?"

"Zina alama, mjomba."

Bibi Mdogo hakujua kusoma. Ndani ya kila kola alishona alama kwa uzi mwekundu, nami nilizijua tangu utotoni, nilipokuwa nakaa miguuni pake nikikunja soksi. Nikawaonyesha yeye na binamu yangu. Mstari uliopinda ni wa kinyozi wa jirani, kwa sababu hutembea kwa maringo. Vitone vitatu ni vya mama mwenye mabinti watatu. Na sindano ikiachwa imechomekwa kwenye kola, kazi haijaisha. Nguo hiyo haitoki, hata mwenyewe aje akilia.

Nikachukua daftari langu la shule nikaanza kuwaandika wenye nguo, mmoja mmoja. Binamu yangu akachungulia begani.

"Haya, karani wetu! Mbona herufi zako zimenenepa kuliko mimi?"

"Hakuna kilichonenepa kuliko wewe. Nenda kawaite watu."

Akaenda akicheka. Lakini lile neno karani liliniuma. Miezi miwili iliyopita nilianguka mtihani wa imla katika darasa la jioni, mbele ya vijana wa umri wa wanangu, nikaacha kwenda. Bibi Mdogo sikumwambia. Kila Jumapili alasiri nilikaa kando ya kitanda chake, nikafungua kitabu cha sala na kumsomea sala ya wagonjwa. Sikuwa nasoma. Sala hiyo naijua kwa kichwa tangu nikiwa mdogo, na kidole changu kilikuwa kinatembea juu ya ukurasa mwingine kabisa. Kila nilipopiga magoti nilimwomba Mungu msamaha. Bibi mwenyewe sikumwomba.

Jumapili ya mwisho aliniambia, "Siku hizi unasoma haraka, mjukuu wangu. Hata kurasa hazikusumbui." Nilidhani ananisifu.

Watu wakaanza kufika. Kinyozi aligeuza kola ya shati lake. "Huu mstari ndio mimi? Mbona umepinda?"

"Rudi mlangoni uje tena," binamu alimwambia, "tukuonyeshe."

Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Wa mwisho kuingia alikuwa mwalimu wetu wa jioni. Alama yake ilikuwa kiduara, yaani mdomo ulio wazi, na hilo sikumfafanulia. Akapokea shati lake, akanitazama.

"Mama, umetupotea. Dawati lako bado lipo."

"Umepotea?" mjomba akauliza. "Si ulikuwa unamwambia Bibi kwamba unakaribia kumaliza?"

Nikageukia kamba. Ilikuwa imebaki nguo moja, blauzi yangu nyeupe ya kwendea darasani. Nilimpa aifue wiki ile niliyoacha shule, nami sikuifuata tena. Ilikuwa safi, imenyooshwa vizuri, vifungo vyote viko mahali pake. Kwenye kola ilikuwa imechomekwa sindano yenye uzi mwekundu.

"Hiyo," binamu alisema polepole, "aliniomba nimpelekee kitandani siku nne kabla hajafariki. Hiyo na sindano. Nikadhani anataka kushona kifungo, kisha akaniambia niirudishe kwenye kamba."

Sheria ya sindano nilikuwa nimewaeleza mwenyewe asubuhi ileile.

Nikafumba macho nikasali kidogo. Nilipoyafumbua, wote walikuwa bado wamesimama: mjomba na funguo zake, binamu, kinyozi, mwalimu.

"Nilimdanganya Bibi Mdogo," nikasema. "Niliacha shule, nikawa namsomea sala kwa kukariri, naye alijua. Mungu anisamehe. Jumatatu jioni nitakaa kwenye dawati langu."

"Utaivaa hivyo hivyo?" binamu akauliza. "Itakuchoma shingo."

"Siivai. Nitaitundika ukutani kwangu. Imla nitaifanya tena, na nikianguka nitaifanya tena, na siku nitakayofaulu nitawaita nyinyi wote mliopo hapa, niichomoe sindano hii mbele ya macho yenu."