Tangazo la Tatu

Padri alisoma kwa sauti ile ile anayotangazia zamu za kufagia kanisa: "Kwa mara ya tatu na ya mwisho, Gabrieli wa Kolero na Felista wa hapa misioni wanataka kufunga ndoa. Anayejua kizuizi aseme."

Huku kwetu milimani hakuna asemaye. Watu hukohoa, basi. Mimi nilikuwa nawaza pombe ya arusi, kama mtama niliouloweka umeota vizuri. Ndipo mtu akasimama upande wa wanawake, mbele yangu kabisa, nikamjua kwa kanga yake, maana nilimnunulia mimi.

"Kizuizi ninacho, Baba," akasema Felista, mwanangu. "Gabrieli hana kosa. Mimi nataka kuwa sista."

Mtoto huyu, ambaye ukimtuma chumvi kwa jirani anarudi kainamisha uso kwa haya! Kanisa zima lilinigeukia mimi, si yeye.

Mgeni atauliza, kuna ubaya gani msichana akimpenda Mungu? Mwaka ule wa hamsini na tatu ningemzaba kofi mgeni huyo. Sisi Waluguru ukoo unapita kwa mwanamke. Wanangu wa kiume wakizaa, wanazaa watoto wa koo za wake zao. Dada zangu walikufa bila kuacha binti. Felista, binti yangu wa pekee, asipozaa, mashamba yetu na makaburi ya bibi zetu yanakwenda kwa watu wengine.

Misa ilipokwisha niliingia sakristia nimekunja ngumi. Kaka yangu Benedikto, mjomba wa Felista na mwenye neno katika ukoo, alikuwa amekwisha kunitangulia.

"Baba," alikuwa anamwambia Padri, "mnatuhubiri kwamba Mungu alisema zaeni mkaongezeke. Leo mnatunyang'anya mwenye kuzaa?"

"Sikunyang'anyi mtu," Padri akajibu. "Lakini ndoa ya kulazimishwa si ndoa. Siwezi kuifungisha."

Felista alisimama kando ya kabati la mavazi ya misa. Nilimnyoshea kidole.

"Wewe! Nilikuzaa uje kufunga mlango wa nyumba yetu?"

"Nisamehe, mama. Nilikuogopa sana. Kumwambia Mungu kulikuwa rahisi zaidi."

Neno hilo lilinichoma, lakini hasira haikushuka. Aliyeishusha ni Benedikto. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, taratibu, kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akamgeukia Padri.

"Basi yaishe. Gabrieli yupo hapo nje. Dada yangu huyu ni mjane, na bado ana nguvu. Aolewe yeye, atuzalie binti mwingine."

Nilidhani nimesikia vibaya. Gabrieli! Kijana aliyeniamkia shikamoo asubuhi ile ile! Tangu mume wangu afe nalala peke yangu, nasali peke yangu, na kusema kweli nimeona raha. Nilikwisha kumwambia Mungu kwamba kuolewa kumetosha. Kaka yangu hakuwa na aibu hata kidogo usoni. Hakuniona mimi, aliona tumbo. Na mimi, toka asubuhi, nilikuwa nimeona nini nikimtazama mwanangu?

"Haya, Yuliana," akasema Benedikto. "Sema tumalize, watu wanangoja."

Nilimshika Felista mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Kaka," nikasema, "ukoo na ufe."

Benedikto akaketi sakafuni palepale. Hata mimi neno langu lilinitisha, kwa maana nilikuwa sijapata kusikia mwanamke wa Uluguru akitamka neno hilo, sembuse mbele ya kaka yake. Felista ndiye aliyeangua kilio, kwa sauti, kilio cha msiba, na hakuna aliyemnyamazisha.